Masikio ya Jeshi, Macho ya Jeshi, na Haki ya Raia

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wakazi wa Itetemia, Tabora)

Tuko hapa Itetemia, kwenye ardhi ya watemi wa Unyanyembe, mwendo mfupi tu kutoka njia ya misafara iliyounganisha Ujiji na Bagamoyo. Njia ile tunaikumbuka kwa pembe za ndovu, kwa watumwa na kwa mizigo iliyobebwa na mabega ya Wanyamwezi. Leo nataka tuikumbuke kwa mzigo mwingine uliopita humo kila siku, nao ni habari.

Nimeombwa nizungumzie vyombo vya mawasiliano na vya upelelezi vinavyotumiwa na majeshi yetu. Ninaposema majeshi nakusudia Jeshi la Wananchi, na pia Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), mgambo, na askari wa uhifadhi ambao siku hizi wamewekwa chini ya mfumo wa jeshi usu. Lengo langu ni kuonyesha, kwa ushahidi wa mji huu na nchi zinazouzunguka, kwamba redio, kamera au ndege isiyo na rubani hailiongezei jeshi nguvu wala haimpi raia usalama mpaka yajulikane mambo mawili: habari inamfikia nani, na anayeipokea anawajibika kwa nani. Sitagusa siri ya mtu. Yote nitakayoyasema yamo katika kumbukumbu za wazi.

Nina hoja nne. Hazilingani kwa urefu, na ya nne ndiyo iliyonileta hapa.

1. Bunduki nyingi hushindwa na habari za mapema

Mwezi Agosti 1871 Waarabu wa Tabora na Kwihara walitoka na bendera na ngoma kwenda kumpiga mtemi Mirambo. Pamoja nao alikuwapo Henry Morton Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone. Kikosi cha Soud bin Sayd kilikishambulia kijiji cha Wilyankuru, kikakiteka, kikabeba pembe na mateka, kikaanza kurudi. Mirambo alikuwa amelala na watu wake katika nyasi ndefu kandokando ya njia. Alijua watapita wapi na alijua watakuwa wamelemewa na mizigo. Wao hawakujua hata kwamba yuko karibu. Soud akauawa, na waliosalia wakakimbia. Tarehe 22 Agosti Mirambo akaingia Tabora kwenyewe, mji ukachomwa, na Mwarabu Khamis bin Abdallah akafa akiutetea. Stanley, akiwa Kwihara, aliuona moshi.

Ruga-ruga wa Mirambo walikuwa vijana wepesi wa miguu, wanaoijua nchi, wanaotumwa na kurudi. Hicho ndicho kilichokuwa chombo chake cha upelelezi. Waarabu walikuwa na fedha nyingi za kununua bunduki kuliko yeye, lakini hawakuwa na mtu wa kuwaambia kilichokuwa mbele yao umbali wa mwendo wa saa moja.

Miaka 45 baadaye mji uleule ulishuhudia jambo la namna hiyo, safari hii chombo kikiwa cha kisasa. Wajerumani walikuwa na waya wa simu uliofika Tabora hata kabla ya reli, na reli yenyewe ilifika 1912. Vita Kuu ilipopamba moto, Gavana Heinrich Schnee alihamishia serikali yake hapa, na karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha kupiga sarafu, hata za dhahabu. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Jenerali Charles Tombeur, likaingia Tabora baada ya mapigano makali ya Itaga na Lulanguru. Jenerali Mjerumani Kurt Wahle aliondoa askari wake kuelekea kusini-mashariki, upande wa Iringa. Waya wa simu ulikuwa umeshikamana na reli. Aliyeiacha reli aliuacha waya. Wahle akasafiri na maelfu ya watu, askari na wapagazi, bila mawasiliano na mkuu wake Lettow-Vorbeck.

Na Lettow-Vorbeck mwenyewe? Vita vilisimamishwa Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Yeye alikuwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na watu wake waliendelea kupigana hata baada ya siku ile. Habari aliipata tarehe 13, kutoka kwenye barua ya Waingereza iliyokamatwa kwa tarishi wa pikipiki. Fikirini juu ya askari aliyepigwa risasi tarehe 12. Fikirini juu ya mpagazi, pengine kijana wa Unyamwezi, aliyekufa akibeba mzigo wa vita ambavyo vilikuwa vimekwisha.

2. Mawasiliano ya njia moja ni nusu ya mawasiliano

Novemba 1917 Wajerumani walirusha chombo kikubwa cha angani, Zeppelin L59, kutoka Jamboli huko Bulgaria, kikiwa kimebeba tani zipatazo 15 za risasi, dawa na vifaa vingine vya kumsaidia Lettow-Vorbeck. Kilivuka bahari ya Mediterania, kikavuka jangwa la Misri, kikaingia Sudan. Tarehe 23 Novemba, kikiwa magharibi ya Khartoum, kilipokea amri kwa redio: rudini. Makao makuu ya Ujerumani yaliamini kwamba Lettow-Vorbeck amekwisha kubanwa na mahali pa kutua hapapo tena. Chombo kilirudi Bulgaria baada ya saa 95 angani na safari ya takriban kilomita 6,800. Lettow-Vorbeck alikuwa bado na jeshi lake, na siku mbili tu baadaye alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Lakini hakuwa na mtambo wa kuwajibu Berlin. Waliamua juu yake bila kumsikia.

Nimeieleza habari hii kwa sababu kosa lililomo linajirudia hata pale mitambo inapokuwepo. Wazee mliokuwa vijana Januari 1964 mnakumbuka. Usiku wa kuamkia tarehe 20, askari wa Tanganyika Rifles wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Siku iliyofuata, tarehe 21, batalioni ya pili ya hapa Tabora, katika kambi ya Kalewa, ikafuata. Kati ya Dar es Salaam na Tabora kuna kilomita zaidi ya 800 za reli, lakini uasi ulizivuka ndani ya siku moja. Madai yao yalikuwa mshahara, na maofisa Waingereza walioendelea kushika amri miaka miwili baada ya uhuru. Serikali ilibidi iwaombe Waingereza msaada. Makomandoo wao walitua Colito tarehe 25 Januari, na askari wa Tabora nao wakanyang'anywa silaha.

Jeshi lile lilikuwa na simu na redio. Amri zilishuka kutoka juu kila siku, zikafika. Kilichokosekana ni njia ya lalamiko la askari wa kawaida kupanda hadi kwa mtu mwenye uwezo wa kulishughulikia kabla halijawa bunduki. Mwalimu Nyerere alilielewa hilo. Jeshi jipya lililozaliwa Septemba 1 mwaka huohuo liliundwa upya kuanzia kwenye uhusiano wa askari na nchi yake, na mkuu wake wa kwanza Mtanzania, Mrisho Sarakikya, alikuwa ofisa aliyetoka katika batalioni hii ya Tabora. Naona wazee wa JKT wanatikisa kichwa kukubali. Nyinyi mnajua kuliko mimi.

Mfano wa tatu ni mchungu zaidi kwa kuwa ni wa juzi. Tarehe 3 Desemba 2013, mjini Goma, Umoja wa Mataifa ulizindua kwa mara ya kwanza katika historia yake matumizi ya ndege za upelelezi zisizo na rubani. Tanzania ilikuwa na askari katika Brigedi ya Kuingilia Kati ya Umoja huo, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Wengi tuliamini kwamba msitu wa mashariki mwa Kongo sasa utaonekana wote. Miaka minne baadaye, tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki, hukohuko Kongo, ilishambuliwa kwa saa nyingi, na vijana wetu 15 wa Jeshi la Wananchi wakapoteza maisha. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulitaja udhaifu katika uongozi na utoaji wa amri, ukosefu wa ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi, na kutokuwepo kwa mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu au kuwaokoa. Mungu awarehemu. Jicho angani lilikuwa limekwisha kununuliwa. Mkono wa kuwafikia walioomba msaada haukuwa umepangwa.

3. Anayesema husikika

Hii nitaipita upesi, kwa kuwa wanafunzi wa fizikia walioko hapa wanaweza kuieleza vizuri.

Mawimbi ya redio hayachagui masikio. Redio za masafa marefu hutumia mawimbi mafupi yanayopanda, yakagonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mamia ya kilomita kutoka yalipotoka. Yatasikika kambini, na yatasikika pia kwa adui mwenye redio kama hiyo. Zile za mkononi, ambazo vijana wanaziita redio koli, hutumia mawimbi yanayokwenda kwa mstari ulionyooka. Kilima huyazuia, hivyo huwekwa ripita juu ya mnara au kilima ili kuyapokea na kuyatuma tena. Mnara ule ukianguka, doria nzima inakuwa bubu. Wapokezi wawili wenye antena za kuelekeza, wakisimama mahali pawili tofauti, wanaweza kukadiria mahali alipo anayezungumza. Ndiyo sababu majeshi husimba maneno yao na kurukaruka kutoka masafa hadi masafa. Simu ya mkononi nayo, hata ikiwa mfukoni imenyamaza, inaendelea kujitambulisha kwa minara iliyo karibu.

Katika Afrika Mashariki somo la redio na upelelezi lina miaka zaidi ya mia. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha katika matawi ya mto Rufiji mwaka 1914, Waingereza waliipata kwa sababu ya karatasi: walikuta katika meli nyingine ya Kijerumani, huko Lindi, nyaraka zilizoonyesha kwamba makaa yalikuwa yakipelekwa Rufiji. Mikoko ilizuia macho, kwa hiyo wakaleta ndege kutoka Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mwangalizi wake Arnold waliruka juu ya delta, na Arnold akawa anawatumia wapiga mizinga masahihisho kwa redio: fupi, ndefu, kushoto. Ndege ilipopigwa na kuanza kuanguka, aliendelea kutuma. Manowari iliangamizwa siku hiyo. Na mtambo wa redio wa Wajerumani huko Bukoba ulikuwa miongoni mwa malengo ya kwanza ya Waingereza walipoishambulia bandari ile Juni 1915, nao ukabomolewa.

Kwa hiyo chombo cha upelelezi kutoka angani si mgeni kwetu. Kilikwisha kufanya kazi ya vita katika mikoko yetu zaidi ya miaka mia iliyopita.

4. Jicho lisilo na sheria humgeuza raia kuwa windo

Sasa nije kwenye hoja iliyonileta.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo na ujambazi ulipozidi, wananchi wa Unyamwezi na Usukuma waliunda sungusungu. Vifaa vyao vilikuwa upinde, mishale, filimbi, na yowe, yaani mwano. Mwano ukipigwa kila mwanamume analazimika kutoka, anaupokea na kuusogeza mbele, hadi njia za kutorokea zinafungwa kijiji kwa kijiji. Kama mfumo wa mawasiliano ulikuwa wa ajabu: hauhitaji betri, hauwezi kuzimwa, na kila aliyeusikia alijua nani ameupiga na kwa nini. Aliyepiga mwano wa uongo aliulizwa hadharani.

Lakini tuseme kweli yote. Sungusungu pia walipiga watu, walitesa, na wapo waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Palipokuwa na mkutano wa kijiji unaouliza maswali, nguvu ile ililinda. Palipokosa kuulizwa, iliumiza. Ndiyo maana mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuipa sungusungu nafasi inayotambuliwa kisheria.

Leo msitu wetu wa miombo unalindwa na vyombo vya aina nyingine. Ugalla, lililokuwa pori la akiba, lilipandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa hifadhi ya taifa. Walinzi wake wamefunzwa kijeshi na wana vyeo vya kijeshi. Katika hifadhi mbalimbali za nchi hii kuna kamera zinazojipiga zenyewe kila kiumbe kinapopita, kuna tembo waliovishwa mikanda inayotuma mahali walipo, kuna ndege zisizo na rubani, kuna vyumba vya kompyuta ambamo doria zote huonekana kwenye ramani moja. Nasema bila kusita: vyombo hivi ni vya lazima. Ujangili uliteketeza tembo wetu kwa maelfu, na askari wanaoingia msituni usiku wanakabiliana na watu wenye bunduki za kivita. Mlinzi asiye na redio tunampeleka kufa.

Tatizo linaanza pale chombo kinapoona joto na mtu akaamua kwamba joto ni jangili. Mnajua jinsi babu zetu wanavyorina asali. Wanakwenda usiku, wakati nyuki wametulia. Wanapanda mti ulioning'inizwa mzinga wa gome, mkononi wameshika mwenge unaofuka moshi. Kwa kamera ya joto iliyo angani, mrina asali huyu ni mwili wenye joto, wenye moto, usiku, porini, juu ya mti. Hakuna kitu katika picha ile kinachosema kwamba ni mzee wa miaka 60 mwenye kibali cha kijiji chake, na kwamba mpaka wa hifadhi uko mita 300 mbele yake. Hilo linajulikana kwa kumuuliza, au kwa kuwa na orodha ya vibali katika chumba kilekile kilichojaa skrini. Mama anayeokota kuni akapita mbele ya kamera ya mtini naye anapigwa picha. Picha ile inakwenda wapi? Inakaa muda gani? Nani anaweza kuitazama?

Tunao ushahidi wa kinachotokea maswali haya yasipojibiwa mapema. Operesheni Tokomeza ilianza Oktoba 2013 kwa nia njema ya kuukomesha ujangili, ikikusanya Jeshi, Polisi na askari wa wanyamapori. Haikumaliza wiki nyingi. Ilisitishwa mwanzoni mwa Novemba. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli ilileta bungeni habari za raia waliouawa, walioteswa, wanawake waliodhalilishwa, mifugo iliyoangamizwa. Mwezi Desemba mawaziri wanne walipoteza nafasi zao. Tuliposikia taarifa ile wengi wetu tulilia. Nguvu ilikuwepo, habari zilikuwepo, ila mtuhumiwa hakuwa na mahali pa kuuliza nani amemtaja na kwa ushahidi gani.

Sheria hatuikosi kabisa. Ibara ya 16 ya Katiba inamhakikishia kila mtu faragha ya nafsi yake, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Lakini sheria hiyo ina misamaha kwa ajili ya usalama wa taifa na kuzuia uhalifu, na hapo ndipo kazi za kijeshi na za jeshi usu zinapoangukia. Msamaha wa usalama ni wa haki, na kila nchi inao. Kinachotakiwa ni kanuni iliyoandikwa inayosema msamaha unaanzia wapi na unaishia wapi, na nani, nje ya kikosi chenyewe, anaukagua.

Ndugu zangu, reli mpya inakuja Tabora. Itakuja na mitambo yake ya mawasiliano na kamera za stesheni. Vijana wetu wa Chuo cha Reli, wa VETA, na wa sekondari hizi za Tabora wajifunze kutengeneza redio, kusoma ramani za kompyuta na kuhudumia ripita, ili mnara ukianguka Ugalla asisubiriwe fundi kutoka ng'ambo. Hilo ni ombi langu kwa vijana.

Kwa wabunge na madiwani wetu naomba kila ununuzi wa vyombo vya upelelezi kwa ajili ya askari wa uhifadhi uambatane na kanuni inayotaja muda wa kuhifadhi picha, watu wanaoruhusiwa kuzitazama, na namna raia aliyekamatwa kwa picha hiyo atakavyoonyeshwa picha hiyo. Kwa makamanda naomba orodha ya vibali vya warina asali na wavuvi iwe mezani kwa anayeongoza doria, usiku na mchana. Kwa wananchi wa vijiji vinavyopakana na hifadhi naomba jambo moja la wiki hii: mkutano wa kijiji utakapokaa, mwalikeni ofisa wa uhifadhi, mumuulize kamera ziko upande gani wa mpaka na nani wa kumpigia simu mtu wenu akikamatwa. Majibu yake yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, na nakala ibaki ofisi ya kijiji.